Hatua Tatu za Mirihi

Mimi si mtu wa mizimu. Nafundisha sayansi hapa Kianjokoma, na Januari mwaka jana nilichora kwa majivu, uwanjani mwa shule, njia mbili za kulizunguka jiwe tulilolipa cheo cha Jua. Kila Ijumaa wanafunzi husogeza vijiti viwili, Dunia na Mirihi, kwa vipimo nilivyowapa. Hatua moja ni kilomita milioni kumi. Zilianza zikiwa mbali, hatua thelathini na tano. Dunia, iliyo njia ya ndani, ikaikimbiza Mirihi mwaka mzima, hadi Januari hii zikatakiwa kuwa hatua tisa na nusu.

Tukapima. Sita na nusu.

"Mwalimu, Mirihi imetoka kwa njia yake," akasema Kajuju.

Nikawagombeza wote, nikakirudisha kijiti mwenyewe. Jumatatu asubuhi, sita na nusu. Majivu hayakuwa na alama hata ya kuku. Na kile kijiti, kikavu mwaka mzima, kilikuwa kimetoa jani.

Nikaogopa, nisidanganye. Zilipungua hatua tatu, na hatua tatu nazijua. Ndugu yangu Nyamu alipozikwa, mjane wake Wambeti alikwenda kwao Runyenjes kupumzika. Nikang'oa matoka, yale maua ya mpakani ambayo huku hata mlevi hayagusi, nikayapanda upya ndani ya shamba la chai la marehemu, lililopakana na langu. Hatua tatu. Kijiti cha mti wa muringa, alichokisimika Nyamu mwenyewe kwenye kona ya mpaka, nikakificha shuleni. Nikakiita Mirihi. Mwalimu mzima!

Siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilipita mia tatu, nikajiona mjanja.

Jioni hiyohiyo nilichukua jembe nikaenda kurudisha maua kabla Wambeti hajarudi kutoka kupeleka majani kwa kituo cha chai. Nikamkuta amesimama kwenye mpaka wa zamani. Mbele yake kulikuwa na safu ya mashimo, udongo bado mbichi.

"Mama Kaari," akaniuliza, "ni wewe umechimba?"

Jembe langu lilikuwa kavu. Shimo la kona lilikuwa jembamba, la kutosha kijiti tu. Nikapiga magoti, nikalia, nikamweleza yote.

Wambeti hakushangaa. Alitua kikapu chake chini, akakunja mikono ya sweta.

"Haya, tupande," akasema. "Lakini kwanza nenda ulete kijiti cha mume wangu. Amengoja vya kutosha."