Mjerumani Hasukumwi

Kaka yangu ana msemo wake: Mjerumani hasukumwi. Mjerumani ni gari lake, jeusi, viti vya ngozi. Langu ni la Kimarekani, la mkono wa pili, milango miwili, injini ya silinda nane inayonguruma mpaka majirani wanafunga madirisha. Nililinunua kwa bei ambayo kwa Mjerumani ungepata bodi na usukani, basi. Kaka aliliita Punda. Kiti cha nyuma, alisema, hata mbuzi hakai.

Tuseme ukweli. Kwenye kona Mjerumani ananiacha, tena mbali. Breki zake, utulivu wake, sina ubishi. Lakini barabara iliyonyooka niachie mimi. Na Punda akiharibika, fundi yeyote wa mtaani anamfungua kwa spana, wakati Mjerumani anasubiri kompyuta na spea za kuagiza. Tulikuwa tukibishana hivyo huku tukicheka, mpaka baba alipofariki.

Siku ya mazishi kaka alinigongea kioo. "Hili likae mwisho wa msafara. Kelele zake zitamwamsha marehemu."

Watu wakacheka. Msibani! Nikakaa mwisho. Kwenye reli kizuizi kikashuka mbele yangu, treni ya mizigo ikapita, mabehewa hayaishi. Nilipofika makaburini walikuwa wanashindilia udongo. Baba yangu sikumuaga. Na kaka, badala ya samahani, akaniambia, "Ungenunua gari la maana." Nilimchukia siku ile, na sijaacha.

Ikaja harusi ya binti yake. Asubuhi nikamkuta uani, boneti wazi, anampiga Mjerumani maji ya presha mpaka ndani ya injini, ati ing'ae kwenye picha.

"Kaka, injini haioshwi hivyo."

"Makubwa! Mwenye punda ananifundisha Mjerumani!"

Haya. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia la mdogo wake sijui huvunjika nini.

Wageni walitangulia. Kaka akafuata na bibi harusi, mimi nyuma yao, mahali pangu pa siku zote. Kwenye mlima kabla ya reli Mjerumani akakohoa, akatetemeka, taa zote za dashibodi zikawaka, akazimika. Kaka akashuka na suti yake mpya, akaanza kusukuma. Jamani, Mjerumani anasukumwa! Nilicheka kwa sauti, madirisha yakiwa wazi, ili asikie.

"Shangazi, tutachelewa," binti akalia.

Nikamshusha, nikamweka mbele kwangu, gauni likajaa mpaka kwenye gia. Kaka akashika mlango, jasho linamchuruzika. "Nipishe nipande nyuma."

"Nyuma ya Punda? Si hata mbuzi hakai?"

"Dada, acha utani. Ni mwanangu huyu."

"Na yule alikuwa baba yangu." Nikavuta mlango. "Kaa mwisho wa msafara, kaka."

Nikakanyaga mafuta. Barabara ilikuwa imenyooka, na Punda alinguruma kama alikuwa akiisubiri siku hiyo. Tulipovuka reli nikatazama kioo: kizuizi kilikuwa kinashuka nyuma yetu.

"Na baba?" binti akauliza.

"Anakuja, mwanangu."

Mfungishaji ndoa alikuwa na maharusi wengine wanaosubiri mlangoni, hakuwa na muda wa kungoja mtu. Mimi ndiye niliyemshika binti mkono mpaka mbele. Kaka aliingia vigelegele vimeshapigwa, viatu mkononi, soksi zimechanika. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Umefanya makusudi."

"Ndiyo."

"Siku hii hairudi, dada."

"Hairudi," nikamjibu. "Lakini binti yako yule pale, nenda kamkumbatie. Mimi baba nikamkumbatie wapi?"