Jina la Msimamizi

Shati jipya la Phocas lilikuwa mapajani mwa Donatille, bado lina pini za dukani. Mwuza huyo wa dagaa wa sambaza, wa mtaa wa Mbugangari, alikuja kituo cha kurekebisha vijana kumchukua mwanawe. Miaka miwili ya marekebisho ilikuwa imekwisha, imebaki fomu moja tu.

"Kila kijana anayetoka huwa na msimamizi," alieleza Damascène, mshauri aliyekulia Tanzania. "Mtu wa kumwuliza alikokwenda, na kumkumbusha mpango wake akianza kuteleza. Jina analiandika mwenyewe."

Phocas alishika kalamu, asiandike.

"Andika basi, mwana wangu. Ni mimi."

"Hapana, mama. Hapana we."

Donatille alicheka, akidhani anataniwa.

"Kila ukikuja hapa unasema Verediane alitusingizia," Phocas aliendelea, macho yakiwa kwenye karatasi. "Mi nilimubaka Ingabire, mama. Alikatala, na nilimusikia muzuri. Nilichukua mwaka muzima kwa kusema ile maneno bila kutupia pombe makosa. Nikirudi kwako, nitaanza tena kukuamini we."

Miaka miwili Donatille alikuwa akiapa kanisani kwamba mwanawe hana hatia. Wanawake wa ufukweni hununua sambaza kwa pamoja alfajiri, kisha hugawana kwa ndoo. Ni yeye aliyewashawishi wamtoe Verediane, mama yake Ingabire, kwenye kikundi. Fikiri! Mama mzima kumnyima riziki mzazi wa mtoto aliyeumizwa, kisha akarudi nyumbani akala, akalala fofofo.

"Mama Phocas," Damascène aliuliza kwa upole, "wewe unaweza kutamka alichofanya?"

Donatille alianza kuchomoa pini za shati, moja moja.

Phocas aliandika jina la mjomba wake Onésphore, mkulima wa Busasamana. Kisha akainamisha kichwa, mabega yakimtetemeka, na Donatille hakujua kama anaruhusiwa kumshika.

Njiani, akirudi peke yake kwa pikipiki ya abiria, Donatille alijaribu kuisema sentensi ile kwa sauti ya chini. Alifika kwenye "mwana wangu", akakwama. Akaanza upya. Akakwama tena.

"Mama, uko unaongea na mi?" dereva aliuliza.

"Hapana. Nishushe hapa."

Lilikuwa lango la Verediane. Alisimama hapo na shati la Phocas mkononi, akapiga hodi.

"Ni nani?" iliuliza sauti ya ndani, na ilikuwa ya Ingabire.