Nek Jamnah na Meno Yasiyovuliwa

Tak. Tak-tak. Tak. Kila alfajiri sauti hiyo ilipenya ukuta wa mbao kabla sijafumbua macho, nami nikajua kwamba Nek Jamnah, dada yake bibi yangu, ameamka na anatunga. Meno yake ya bandia yaligongana kila alipofika kwenye kina. Nyumba zetu zimesimama juu ya nguzo ukingoni mwa mto Siak, zimekaribiana kiasi kwamba kikohozi cha huku huitikiwa pole kule.

Wiki ya harusi ya mjukuu wake Nurhafni, sauti ilikatika.

Kwetu bwana harusi haingii tu kwa mke. Kitambaa cha manjano hutandwa mlangoni, na wasemaji wawili, wa upande huu na wa upande ule, hutupiana pantun, beti za mistari minne, mpaka mmoja akwame. Nek Jamnah alikuwa amewasimamia mlango wajukuu wake wote waliotangulia, na hajatokea wa kumkwamisha. Nurhafni ndiye alikuwa wa mwisho. Na msemaji wa bwana harusi, ambaye ni rafiki yangu, nilikuwa mimi, Razlan, niliyejifunza kutunga bila mwalimu, nikiwa napakia magunia ya unga wa sago gatini na kuhesabu mizani ya maneno kwa hatua zangu. Nilimtaka yeye mlangoni. Kumshinda mwingine kungekuwa kama kuvua samaki sokoni.

Kwa hiyo nilikwenda kwake na bakuli la samaki wa ukwaju na pilipili aliopika mama. Alichovya kidole, akalamba, akakunja uso kama aliyelamba kaa la moto.

"Peleka kwa paka," akasema.

"Nek, chakula chako hiki! Umeanza kuniogopa?"

"Nikuogope wewe? Jogoo aliyejifunza kuwika kwenye ndoo!" Alitaka kucheka, lakini pembe za midomo zilikuwa zimechanika, akajishika. "Mdomo unawaka, Lan. Juu, kwenye kaakaa. Hata chai ina ladha ya chuma. Kesho kutwa mwambieni Midah asimame badala yangu."

Midah! Mwanamke anayesoma beti kutoka kwenye simu!

"Sikubali," nikasema. "Nikishindana na Midah, watu watasema nini? Vaa mtandio wako, twende kwa daktari wa meno."

"Dawa ninayo. Nasukutua maji ya majani ya tambuu. Na matone ya duka la dawa haya hapa. Yanapoza, kisha moto unarudi."

"Basi twende tuulize kwa nini unarudi."

Alikuja kwa sababu nilikaa kwenye ngazi yake nikiimba ubeti wa Midah kwa sauti ya Midah, mpaka majirani wakatoka nje.

Daktari Yusnita alimwomba avue meno. Nek Jamnah akanitazama.

"Huyu atoke."

"Nek, mimi..."

"Toka!"

Nilisimama nyuma ya pazia, nikasikia yote. Kwanza meno yaligonga sahani ya chuma. Kisha daktari akauliza, kwa upole, "Mama, mara ya mwisho uliyavua lini?"

"Kuyavua?" Sauti ilikuwa imelegea, haina kingo. "Fundi aliyenitengenezea, yule wa kibandani sokoni, alisema nisiyavue hata usingizini, fizi zitanywea. Na marehemu mume wangu hakuwahi kuniona hivi. Nayasugua yakiwa humu humu mdomoni."

"Na matone?"

"Nadondosha juu ya meno."

Daktari hakucheka, na kwa hilo nilimheshimu. Alisema ni fangasi, nao huishi katika vinywa vya watu wengi bila ugomvi, kwa kuwa mate huwasafisha. Lakini chini ya plastiki isiyovuliwa mate hayafiki. Kuna joto, giza na mabaki ya chakula. Wakazaliana hapo, kaakaa likawa jekundu, utando mweupe ukatanda, na midomo ikachanika. Plastiki yenyewe imewabeba, kwa hiyo kila alipopona kidogo, meno yaliwarudisha.

"Mama, umekuwa ukimwagia dawa mlango, na mwizi yuko chumbani," akasema.

Alimpima sukari, maana ikipanda nayo huwalisha fangasi. Ilikuwa sawa. Akampa dawa mpya, ya kupaka kaakaani meno yakiwa nje. Baada ya kila mlo avue, asuuze. Jioni ayasugue kwa brashi laini na sabuni ya vyombo, kaakaa alipanguse kwa kitambaa laini, kisha meno yalale kwenye maji safi naye alale bila hayo. Kwa sasa hata mchana ayaache nje kadiri awezavyo. Na kwa kuwa yalikuwa ya zamani, yanacheza mdomoni na kukwaruza, arudi apimwe mapya.

"Harusi ni kesho kutwa," Nek Jamnah akasema.

"Kaakaa halijui harusi, Mama."

Njiani alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. "Midah," akasema tu. Nilikuwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani.

Siku ya harusi tulipanda ngazi kwa matari. Kitambaa cha manjano kilikuwa kimetandwa. Nyuma yake kivuli cha mwanamke, mdomo umefunikwa. Nilidhani ni Midah. Hata hivyo nikaanza:

*Tumevuka maji mengi,*
*mashua inatuvuja;*
*mlango wenye vigingi*
*si wa kuzuia waja.*

Kivuli kikashusha mtandio. Alikuwa Nek Jamnah. Mashavu yalikuwa yamebonyea, midomo imeingia ndani, na watu wakavuta pumzi. Nyuma mtoto akacheka. Yeye akamngoja amalize kucheka, kisha, polepole, kila neno akilishika kwa ufizi ili lisimponyoke, akasema:

*Chicha tumekwisha mwaga,*
*tui tamu limebaki;*
*meno yangu nimebwaga,*
*ulimi haukauki.*

Nyumba nzima ikalipuka. Nilikuwa na beti za akiba kama punje za mchele guniani, zote kali, zote za kumpiga mwanamke mwenye meno. Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

"Jogoo amemeza ndoo!" akapaza sauti, na shangazi zangu mwenyewe wakapiga makofi.

Anayekwama hulipa anachotaka msimamizi wa mlango. Kwa kawaida ni shali, au kisanduku cha tambuu. Nilimwuliza anataka nini.

Aliinama karibu na kitambaa. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Nurhafni anaondoka, Lan. Nitabaki peke yangu mle ndani. Mazoea ya miaka yote hiyo... nitayarudia. Najijua."

Nikageuka ili bwana harusi na wote walio kwenye ngazi wanisikie.

"Nek, nitakupeleka ukapimwe meno mapya. Na kila jioni nitagonga ukuta wetu, nawe utanijibu kwa mlio wa meno yakidondoka kwenye bilauri ya maji. Nisipousikia, naapa mbele ya watu hawa, nitakuja kibarazani kwako na kuimba beti za Midah mpaka uyavue."