Jitoe Katika Klabu Yetu

Bango lilitundikwa alfajiri, na kabla jua halijakolea mtaa mzima ulikuwa umeshalicheka. JIRANI, JITOE KATIKA KLABU YETU. Herufi nyekundu, zimenyooka kama askari wa gwaride. Ila neno "jitolee" lilikuwa limeng'oka jino. Anayejitolea huja, anayejitoa huondoka.

"Huu ni mkono wa mtu," alisema mwenyekiti wa klabu. Alilinda geti la kiwanda mpaka akastaafu, ndiyo maana wanamwita Afande, na hadi leo humkagua mtu kuanzia viatu. "Na mkono wenyewe naujua unakokula."

Fundi cherehani alijua anaambiwa yeye. Mchoraji wa bango ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, na yeye ndiye aliyempendekeza.

"Afande, usinizunguke. Sema."

"Klabu ikifa, chumba hiki kinabaki wazi. Nani anahangaika kutafuta chumba cha vyerehani?"

 Chumba fundi alikuwa anatafuta kweli. Lakini si chumba kilichomkosesha usingizi. Jumatatu mama yake anatakiwa kliniki, na nyumba ya mama iko juu ya ngazi za kilimani, gari halifiki. Klabu ndiyo huwashusha wagonjwa wa huko kwa machela. Machela ina mipini minne. Wenye mgongo wa kuishika wamebaki watatu, yeye, kinyozi na dobi. Wengine wamehama, wengine wamechoka. Afande mwenyewe anatembea na mkanda wa kiuno. Leo ndiyo siku ya kupokea wanachama wapya. Asipopatikana mtu, mama hashuki.

Alimkuta shemeji yake nje, anaosha brashi.

"Shemeji, niangalie usoni. Nani kakulipa uharibu?"

"Nilipwe na nani mimi? Hata nyie wenyewe hamjanilipa! Kitambaa kilikuwa kifupi."

"Kifupi wapi? Pale mwisho pangeenea jina la ukoo wetu mzima."

"Basi nilisinzia."

Swali moja, majibu mawili. Fundi aliyaweka moyoni.

Mchana watu walianza kuchungulia mlangoni, vicheko bado mdomoni. "Si mnaona?" shemeji alipiga kelele kutoka barabarani. "Nilikosea makusudi! Tangazo lisilo na kosa nani analisoma?" Jibu la tatu hilo.

Wa kwanza kuingia alikuwa muuza mitumba.

"Nani kakutuma?" Afande alimuuliza.

"Miguu yangu," mama yule alijibu, na miguu hiyohiyo ikamrudisha. Aliyemfuata alisikia swali akiwa kizingitini, akageuka bila kuaga.

Kisha mlango ukajaa. Muuza nyama, na aproni yake.

"Nimekuja kujitoa," alisema. "Ila nikafikiri, mtu hatoki asikoingia. Niingizeni kwanza."

Kinyozi alicheka. Afande hakucheka.

"Unagombea nini wewe?"

"Nigombee? Mimi nagombana na nzi tu, mzee wangu."

"Mtu na bucha yake aiache, akabebe wagonjwa bure! Hiyo bure ina nini ndani?"

"Kumbe hapa ni polisi," muuza nyama alisema, akageuka.

Fundi naye hakumwamini. Mizani ya mtu huyu inasifika mtaani kwa kusaidiwa na kidole. Lakini aliyatazama mabega yale, akaenda kusimama mlangoni.

"Afande, Jumatatu mpini wa nne utashika wewe?"

"Nitashika."

"Utashika kiuno chako."

Dobi alikohoa kuficha kicheko. Afande alinyoosha kidole. "Na huyu akimwangusha mama yako?"

Hilo ndilo swali alilokuwa anajiuliza mwenyewe. "Ndiyo maana hatuanzi na mama," alisema. "Lala."

"Nani?"

"Wewe. Mwenye shaka ndiye apime."

Afande alizikagua kamba za machela, akazikagua tena, akajilaza kama anayelalia miiba. Wakamwinua. Macho hakufumba. "Namwona! Namwona anavyoshika!" alipayuka mpaka nje, mtaa ukipiga makofi.

Kwenye ngazi fundi na kinyozi walitangulia, dobi na muuza nyama nyuma. Machela ilipoanza kuinama, muuza nyama, bila kuambiwa, alipandisha mpini begani, akamnong'oneza dobi naye apandishe wake. Ikalala sawa kama meza. Fundi alilihisi hilo mikononi kabla hajageuka kutazama.

"Nani kakufundisha hivyo?" Afande aliuliza, sauti imeshuka, shaka haijashuka.

"Nusu ng'ombe haina mpini, mzee. Tulia."

Walimtua kwenye ngazi ya juu, mbele ya mlango wa mama. Fundi alifuta jasho.

"Jumatatu asubuhi," alimwambia muuza nyama. "Utakuja?"

"Nitakuwepo," Afande aliwahi kujibu, bado amelala. "Kumwangalia huyu."