Nyuma ya Kakakuona

Siku yake ya kwanza ya kazi, Netsai alifika kwenye kituo cha kuokoa wanyamapori kabla ya saa moja asubuhi, mikono ya ovaroli aliyopewa ikimfunika mpaka vidoleni. Alimkuta Chipiwa, mkuu wa walezi, ameketi kwenye ngazi za kliniki akifunga kamba za viatu. Chipiwa alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, mwembamba, mwenye sauti ya kufukuzia nyani shambani.

"Mama Tapfuma! Kulikoni, umelala hapa hapa getini?"

"Sikulala kabisa, mwanangu."

"Basi leo utasinzia porini. Kazi yenyewe ni kumfuata mtu asiyesema, asiyegeuka nyuma wala kukuambia anakwenda wapi. Umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Basi uzoefu unao!"

Netsai alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Chipiwa hakuona. Alikwishaingia ndani, na alipotoka alikuwa amekumbatia kitu kama tikiti kubwa lenye magamba.

Huyo ndiye Svosve, kakakuona jike, kilo nne na robo. Polisi walimkuta ndani ya gunia la mahindi kwenye buti ya basi, siku tisa zilizopita. Tangu aletwe alikuwa hajatia hata chungu mmoja mdomoni. Walezi wawili wamemtembeza kila siku. Anapiga hatua kumi, anasikia kishindo, anajikunja, basi. Daktari alikuwa akimpa maji ya dawa kwa mrija.

"Akishuka chini ya kilo nne, tutampoteza," Chipiwa alisema, na sauti ile kubwa ikawa ndogo. "Hawa hawafugiki, mama. Lazima atafute mwenyewe chungu na mchwa, walio hai, wa aina anayoitaka. Wengine huwapa maziwa. Wengine uji. Wanadhani wanatenda wema."

Netsai aliinama akajifanya anakunja suruali.

Uji alioutaja Chipiwa aliujua yeye. Mwaka juzi mumewe, Taurai, alileta gunia nyumbani, akaliweka nyuma ya mlango wa jiko akasema lisiguswe. Siku mbili Netsai alisikia kucha zikikwangua. Siku ya pili, Taurai alipotoka, alilifungua. Akamwona kakakuona mle ndani, macho madogo meusi kama mbegu za papai, yakimtazama bila kulalamika. Akapika uji mwepesi, akatia sukari, akamwekea kwenye kisahani na kumsogezea mpaka puani. Mnyama hakula. Ndipo Netsai akasikia baiskeli ya mumewe uani, na kwa mikono yake mwenyewe akalifunga gunia tena kwa kamba yake.

Kesho yake Taurai alikamatwa njia panda ya Chivhu, akilipeleka gunia kwa mnunuzi. Miaka tisa jela. Mnyama naye, walisema mahakamani, alikufa kabla ya kesi. Hakuna aliyemuuliza Netsai kitu, wala fomu ya kuombea kazi haikuuliza.

Walimtua Svosve kwenye majani yaliyodondoka chini ya mti wa msasa. Chipiwa alimpa Netsai redio ya mkononi, akamwelekeza akae hatua tatu nyuma, asiongee kwa sauti, asimshike ovyo. Halafu akaondoka kwenda kuwatazama wengine.

Ilichukua karibu saa nzima Svosve kufunguka. Kwanza pua, ndefu na yenye unyevu. Kisha akainuka kwa miguu ya nyuma, mikono ameikunja kifuani kama bibi harusi mbele ya wakwe, akaanza kwenda. Netsai akamfuata. Lori lilinguruma barabarani, Svosve akajikunja. Wakangoja. Ndege alipiga kelele, akajikunja. Wakangoja tena. Mchana ulifika, Netsai akala sadza yake, ugali wa kwao, baridi na mboga kwa mkono mmoja, jicho haliachi magamba yale.

Saa tisa mawingu yaliyokuwa yakizunguka tangu wiki iliyopita yaliamua. Radi ilipiga karibu sana, na mara mvua ya kwanza ya mwaka ikashuka na mawe yake. Svosve alijiviringa katikati ya uwazi, hana hata kichaka. Redio ilikoroma tu. Netsai aliyasahau maelekezo yote. Alipiga magoti, akamvuta mapajani na kumwinamia, mawe yakimpiga mgongoni na kisogoni.

"Tulia, mama. Tulia. Ni mvua tu. Ni mimi tu."

Aliyasikia mapigo ya moyo wa mnyama kwenye tumbo lake, mbiombio, na baadaye polepole. Mawe yalipokwisha ikabaki mvua ya kawaida. Ndipo gamba moja likalegea, kisha jingine, na pua yenye baridi ikapenya ndani ya mkono mpana wa ovaroli, ikatulia humo; akasinzia.

Chipiwa alimkuta hivyo. Alikuwa amekimbia njia yote na turubai kichwani.

"Mama Tapfuma! Umeumia?"

Netsai hakuinua uso. "Nina neno, mwanangu. Ukishalisikia unifukuze, lakini usinifukuze kabla huyu hajaamka."

Akamwambia yote. Jiko, gunia, kisahani, kamba. Njia panda ya Chivhu, mwaka juzi, mwezi wa sita.

Chipiwa alichuchumaa matopeni.

"Alikuwa dume," alisema. "Ukucha wa kushoto umevunjika."

Netsai aliinua macho.

"Waliniletea mimi. Alikufa mikononi mwangu, siku ya tatu." Alijifuta maji usoni. "Alikuwa na uji umekaukia kidevuni. Nilipomsafisha nikalamba kidole, nikakuta una sukari. Nililia siku ile, mama. Nikasema, kumbe nyumba ile ilikuwa na mtu."

"Mtu gani? Nililifunga gunia."

"Ulilifunga, ndiyo. Sitakuambia hukulifunga." Chipiwa alitandaza turubai juu ya wote watatu. "Lakini sikufukuzi. Walezi wenyewe watatu tu, nitampata wapi mwingine wa kupigwa na mawe?"

Netsai alilia bila sauti, asimwamshe mgeni wake.

Mvua ilikatika, jua likatoka limeoshwa. Kutoka kichuguu cha jirani kumbikumbi walianza kupanda kama moshi. Svosve alichomoa pua mkononi mwa Netsai, akanusa. Akateremka mapajani taratibu, akaenda moja kwa moja mpaka kichuguuni, akapiga ukucha. Ulimi ukatoka, mrefu, mwembamba, ukarudi. Ukatoka tena.

"Anakula," Netsai alinong'ona.

"Nyamaza, namwona." Chipiwa alikuwa amemshika mkono kwa nguvu hata ukamuuma.

Svosve alikula nusu saa bila kujikunja hata mara moja, ingawa lori lilipita. Chipiwa alivua kofia, akaanza kudaka kumbikumbi hewani na kuwatia humo, akiruka kama mtoto.

"Mama, usikae tu! Daka na wewe, tukakaange kwa chumvi."

"Na huyu je?"

"Huyu ana chake. Sisi cha jioni hatujala."

Netsai aliinuka, magoti yakilia, akakinga mikono miwili juani.