Kigingi cha Kaka

Mama alinificha maumivu miezi mitano, na mimi ndiye daktari wake wa meno. Alitafuna upande mmoja tu, nikimuuliza anasema yuko salama salimini. Fizi ilipovimba mpaka shavu likahama, nikamkalisha kwenye kiti changu huku namfokea kama mtoto.

Jino lenyewe nilikuwa nimelitibu mzizi miaka kumi na minne nyuma, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuo. Likishatolewa mshipa, jino hubaki kuta tupu. Kwa hiyo kaka yangu, fundi wa meno wa kliniki yetu, alitengeneza kigingi cha chuma cha kuingia ndani ya mzizi, na juu yake kofia nyeupe. Mama akatabasamia mtaa mzima.

Hata mwaka haukuisha, kofia ikachomoka na kigingi chake. Mimi nina mdomo, najijua. Nilisema mbele ya bosi wetu, wagonjwa wakisikia, kwamba kaka analipua kazi. Alinijibu taratibu kwamba kigingi hakina kosa. Eti mimi ndiye niliyechimba shimo pana mno mzizini, kuta zikabaki nyembamba. Nikamcheka, nikamwambia udaktari aniachie mwenyewe. Nikakigandisha tena, jino likakaa.

Wiki iliyofuata bosi alimwachisha kazi. Kaka alikusanya zana zake kwenye boksi la viatu, akahamia mji mwingine. Alinipigia simu mara mbili, sikupokea. Nilikuwa nimenuna, eti mimi ndiye niliyekosewa. Ugonjwa wa ini ulimchukua huko huko kabla hatujapatana. Na kila mwaka nilipomkagua mama jino lake, nilijisifu kwamba ule ndio mkono wa daktari.

Sasa picha ilionyesha mzizi umepasuka kwa urefu, na jino la namna hiyo halina dawa ila kung'olewa. Mama alinishika mkono wenye sindano ya ganzi, akaomba tuliache tu, hata likiuma. Nilidhani anaililia kazi ya marehemu mwanawe. Nikambembeleza, nikamdunga.

Jino lilitoka vipande viwili. Kigingi kilikuwa kizima, hakina kutu hata chembe. Nikavisogeza vile vipande kwenye taa. Ukuta wa mzizi ulikuwa mwembamba kama ganda la yai, na mikwaruzo ya mashine yangu ilikuwa bado inaonekana.

Mama aliitoa pamba mdomoni, akaniuliza kwa ulimi mzito:

"Ni chuma chake, au ni mkono wako?"

Ningeweza kumdanganya. Asingejua, masikini, na jioni tungekunywa chai kama kawaida.

"Ni mkono wangu, mama."

Akafumba macho, machozi yakamshuka mpaka masikioni.

"Ndilo nililokuwa naliogopa," akasema. "Zile simu mbili, mimi ndiye niliyemlazimisha apige. Alikataa, akasema hajakosa. Nikamwambia amwombe dada yake radhi, la sivyo asiniite mama."

Nilikiosha kile kigingi, nikakikausha, nikamwekea kiganjani. Akakifumbata. Nami nikaketi sakafuni kando ya kiti, nimevaa glavu zangu, nikalia mpaka nesi akaja kufunga mlango.