Barafu ya Njia ya Tatu

Marlys Fedoruk alikuwa na kasoro moja: hakujua kwenda kwa mtu mikono mitupu. Alipostaafu kazi ya posta, mji wetu wa Harrow Lake ukampa uenyekiti wa Kamati ya Mapokezi ya Wageni, na hapo ugonjwa ukampata mwenyewe. Familia ya Dulnuan ilipofika kutoka Ufilipino, Novemba ya mwaka juzi, ilikuta nyumba imekwisha pashwa joto, makabati yamejaa unga na maharage, makoti matatu mazito yametundikwa ukutani, na Marlys amesimama katikati ya sebule akitabasamu utadhani nyumba ni yake na harusi ni yake.

Miezi kumi na nne ilipita na bado alikuwa anabeba. Pengine hakuwahi kusikia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jumatatu hiyo ya Januari alibeba bakuli la viazi vya jibini, akavuka mji mzima kwa miguu katika baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, kope zikigandiana, roho yake safi kabisa. Crisanta Dulnuan akamfungulia. Nyuma ya Crisanta, sebuleni, yalikuwapo maboksi.

"Hayo maboksi ya nini?" Marlys akauliza, bakuli bado mikononi.

"Tunahama, Mama Marlys. Mwisho wa mwezi huu. Binamu yangu yuko jiji la Calgary, kanitafutia kazi ya kutunza wazee kama hii ya hapa."

"Kama hii ya hapa! Sasa unafuata nini?" Kisha akashusha sauti. "Nani kawaudhi? Nitajie jina tu, mengine niachie mimi."

Crisanta akacheka kidogo, kisha akaacha. "Hakuna aliyetuudhi, Mama. Hakuna aliyetugombeza, hakuna aliyetuomba hata chumvi. Ile karamu ya mavuno niliingia jikoni ukumbini, nimekwisha kunja mikono ya sweta, wakanitoa. 'Kakae mpenzi, wewe mgeni wetu.' Mume wangu Benito naye kila jioni anasimama nyuma ya kioo kule kwenye ukumbi wa barafu, anamtazama Mzee Orville akimwaga maji yagande. Siku moja akaomba amshikie mpira wa maji. Mzee akamwambia kapumzike. Miezi kumi na nne tunapumzika, Mama. Tumechoka kupumzika."

Marlys akaweka bakuli mezani, akaaga, akatoka.

Alirudi nyumbani amefura kwa hasira. Hii ilikuwa familia ya tatu. Mbili za kwanza nazo ziliaga kwa machozi na shukrani tele, zikaenda zao mijini, na kila mara Marlys alisema ni baridi. Hawa nao! Makoti aliyatafuta yeye, daktari wa meno wa mtoto alimtafuta yeye, leo anaambiwa amekosea kwa wema! Shukrani ya punda ni mateke, akajiambia, ingawa kwa kweli hakuna aliyempiga teke, na yeye alilijua hilo.

Mbele ya kanisa mwendo ukapungua. Alikumbuka mwaka aliofiwa na mumewe. Mji mzima ulimletea chakula wiki tatu mfululizo; kila mlango ukigongwa ni bakuli, kila bakuli ni pole, na yeye akakaa kitini akipokea mpaka akajiona kama aliyekufa ni yeye. Aliyemwokoa ni jirani mmoja mkali aliyepiga simu na kusema: "Marlys, nina gunia la viazi hapa na mikono miwili tu. Unakuja au huji?" Alikwenda. Alimenya viazi akilia, na usiku huo alilala.

"Mungu wangu," akasema peke yake barabarani, "nimewazika watu watatu walio hai kwa viazi vya jibini."

Jumanne asubuhi Orville Tveit akateleza, akavunjika kiwiko. Mzee Orville ndiye aliyekuwa akitengeneza barafu ya mchezo wa mawe, yale mawe mazito ya duara yenye mpini yanayotelezeshwa yakakae kwenye duara lililochorwa mwisho wa njia, tangu ukumbi ujengwe. Ukumbi wetu hauna mashine ya kugandisha. Milango inafunguliwa, baridi inaingia, na mtu mmoja mwenye subira anamwaga maji tabaka juu ya tabaka, membamba, mpaka njia nne ziwe ngumu na laini. Na mashindano ya wilaya yalikuwa Harrow Lake Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ilikuwa zamu yetu, mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili.

Mchana wakakutana ukumbini: Orville na plasta yake, Garth Penner mwenyekiti wa klabu, na Marlys ambaye hakualikwa.

"Tuwapigie jirani zetu wa mji wa Esterbrook, wafanyie kwao," Garth akasema, uso umemshuka.

"Nife kwanza," Orville akajibu.

"Yupo Benito Dulnuan," Marlys akasema. "Amekutazama majira mawili ya baridi. Alikuwa mkulima wa mpunga."

"Mpunga!" Orville akageuka na kiti chake. "Mama wee, barafu si uji kila mtu akoroge. Halafu yule bwana anatoka kazini kiwanda cha dengu amechoka. Tumemleta hapa astarehe, sisi tumpe mpira wa maji? Ni aibu."

"Aibu ni kumfanya pambo la dirishani. Wanahama, Orville. Wanahama kwa sababu yako, na yangu, na yako wewe Garth."

Garth akatazama sakafu. Marlys hakungoja kura.

Alifika kwa akina Dulnuan saa kumi, na kwa mara ya kwanza maishani hakubeba kitu. Mikono ilimning'inia hajui aiweke wapi. Benito, mtu mfupi, mkimya, mwenye shukrani nyingi mno mdomoni, akamfungulia.

"Asante kwa viazi, Mama. Vitamu sana. Asante sana."

"Hukuvila, Benito, na mimi nimekuja na shida. Orville kavunjika. Tuna siku kumi na moja na hatuna barafu. Sijui nani mwingine wa kumwomba. Tafadhali tusaidie."

Benito akaitazama mikono mitupu ya Marlys. Marlys aliogopa kweli, kama msichana anayengoja majibu ya mtihani. Kisha Benito akarudi ndani, akatoka amevaa koti.

"Mpira wa maji una matobo mawili," akasema. "Niliyaona tangu mwaka jana. Una utepe?"

Orville alikuwa amekaa ukumbini juu ya kiti cha plastiki, amejifunika blanketi, tayari kutoa amri. Alitoa nyingi, Benito akaitikia chache. Alimwaga maji kidogo kwenye kila njia, akachuchumaa, akainamisha kichwa mpaka sikio likakaribia chini, akatazama. Kwao Ifugao, Ufilipino, mashamba ya mpunga yamepangwa kama ngazi mlimani, na ngazi isiyo sawa hupoteza maji na kulaza familia njaa, kwa hiyo jicho lake lilijifunza mapema. Kwenye njia ya tatu akakaa sana.

"Hapa pamezama."

"Pamezama tangu hujazaliwa," Orville akasema kwa fahari. "Usipaguse. Esterbrook wakirusha hapo, jiwe linakimbilia kushoto, sisi tunajua pa kulisubiri. Ndiyo siri yetu."

Benito akainuka taratibu. "Kwa hiyo miaka yote hii mnashinda kwa shimo."

Garth akakohoa. Marlys akashika mdomo. Kila mtu mjini alilijua lile shimo, na hakuna aliyewahi kulitaja kwa jina lake. Orville akawa mwekundu kuanzia shingo hadi utosi.

"Msikieni ulimi wake! Miezi kumi na nne asante-asante, kumbe alikuwa ananihesabia makosa!"

"Si yote, Mzee. Nimefika la tisa."

Kicheko kilichomtoka Orville kiliumiza kiwiko chake hadi akalia machozi. "La tisa! Haya, bwana mpunga, lizibe basi. Ukiniharibia barafu nakuzika ndani yake."

"Wewe shika taa," Benito akamwambia, na Orville Tveit, ambaye hakuwahi kushikishwa taa na binadamu, akaishika.

Wakaanza. Kila siku akitoka kiwandani Benito alikwenda moja kwa moja ukumbini. Aliziba kwanza pale palipozama, tabaka kwa tabaka, maji ya moto kwa sababu hutulia yenyewe kabla ya kuganda. Marlys alikokota mpira nyuma yake mpaka mabega yakamwaka. Crisanta alikuja kuona kinachoendelea, akapima maji kwa kidole, akaingia jikoni. Dakika tano baadaye sauti yake ilisikika hadi nje.

"Nani kasema haya ni ya moto? Haya ya kumwogeshea mtoto! Weka sufuria kubwa, wewe dada mwenye miwani, na usikae, hakuna mgeni hapa!"

Wanawake walewale waliomtoa jikoni siku ya karamu wakakimbia huku na huku kama vifaranga, wakifurahi mno. Hata Jovelyn, binti yao wa miaka kumi, alipewa kazi ya kutazama kipimajoto na kupiga kelele, na kelele alizijua.

Hata hivyo Marlys hakulala vizuri. Maboksi bado yalikuwa sebuleni. Aliyaona kila alipopita dirishani. Hakuuliza. Aliomba barafu, hakuomba moyo wa mtu, na aliogopa akiuliza atajibiwa.

Ijumaa barafu ilikuwa imekauka ikang'aa. Benito akavaa pipa dogo mgongoni, akatembea kinyumenyume akinyunyizia matone, kwani jiwe haliendi juu ya barafu laini mno. Linataka vipele vidogo vya kulibeba. Kisha akampa Marlys jiwe, njia ya tatu.

Marlys alirusha. Watu wote wakaegemea kushoto kwa mazoea, wakilisubiri likimbilie kushoto. Jiwe halikukimbia popote. Lilinyooka katikati, likavuma kwa sauti nene ya chini, mwishoni likapinda polepole na kukaa juu ya duara kama lililotumwa. Orville alilitazama jiwe, akavua kofia.

"Miaka hamsini," akasema, "nilidhani sakafu ndiyo mbovu."

Jumamosi timu nane zikaingia, na jamaa zao, na keki zao, na kelele zao. Nahodha wa Esterbrook, bibi mmoja mrefu aliyeogopwa wilaya nzima, alikwenda kwanza kupima njia ya tatu. Akarusha moja, akarusha la pili, akaja kwa Garth.

"Shimo lenu liko wapi?"

"Shimo gani?" Garth akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anadanganya.

Fainali ikawa Harrow Lake na Esterbrook, kwenye njia hiyohiyo ya tatu. Sasa hatukuwa na pa kujificha; ilikuwa ni kujua au kutojua. Waliongoza wao, tukasawazisha sisi, wakaongoza tena. Jiwe la mwisho kabisa lilikuwa la Garth, na lilipaswa kupenya katikati ya mawe yao mawili kwenye nafasi ambayo paka angefikiri mara mbili. Likapenya. Likagusa, likasukuma, likakaa. Ukumbi ukalipuka. Orville alimkumbatia kwa mkono mmoja nahodha wa Esterbrook, ambaye hakuwa ameomba kukumbatiwa. Marlys akaruka kizuizi pamoja na nusu ya mji, wote wakamkimbilia Garth katikati ya njia, wakirukaruka na mabuti yao yenye theluji na chumvi ya barabarani.

"Tokeni!"

Sauti hiyo hakuna aliyewahi kuisikia. Benito alikuwa amesimama juu ya benchi, mishipa ya shingo imemtoka.

"Tokeni kwenye barafu yangu! Siku kumi na moja nimelipigia magoti hili jambo, leo mnalikanyaga kama ng'ombe waliovunja zizi! Garth, shuka! Na wewe Mama Marlys, mtu mzima na mabuti yako ya chumvi! Mwakani naweka kamba pale mlangoni, na wa kwanza nisiyempitisha ni wewe!"

Watu wetu ni wapole. Hawajazoea kufokewa hadharani, na mgeni ndiye hasa hawakumtarajia. Lakini Marlys hakusikia matusi yote yale. Alisikia neno moja. Akageuza macho kwenye dirisha la jikoni, ambako Crisanta alikuwa amesimama na taulo begani.

"Amesema mwakani?" Marlys akauliza.

"Umemsikia mwenye barafu," Crisanta akajibu, akitabasamu hadi masikioni. "Toka, Mama."

Na Marlys Fedoruk akatoka, kwa ncha za vidole, machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Katika miaka yake yote ya kuwapokea watu, hakuwahi kufukuzwa mahali akafurahi namna ile.